Askari na Mtoto wa Vita: Kutoka Bonde la Kyela hadi Tunduru

Tangu mwaka 2013, majeshi yetu yalipoingia Kongo ya mashariki chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, tumezoea kusikia habari za namna moja: kwamba askari wa Tanzania walioko Beni wamekwenda kukitembelea kituo cha watoto yatima, wamechukua chakula na mahitaji mengine, wameketi na watoto kwa muda, kisha wamerejea kambini. Brigedi waliyoitumikia iliundwa kwa Azimio nambari 2098 la Baraza la Usalama, nayo ilikusanya askari wa Tanzania, Malawi na Afrika Kusini. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, jina ambalo mtu wa Kyela au wa Rungwe hahitaji kuelezwa limetoka pande zipi. Hivyo nchi mbili zinazotazamana juu ya maji ya Ziwa Nyasa zilikutana bega kwa bega katika vita vya watu wengine, na vijana wao wakajikuta mbele ya watoto ambao vita vimewanyang'anya wazazi.

Habari hizo hutupendeza, na ni haki zitupendeze. Lakini mwalimu anayezisoma pamoja na wanafunzi wake hana budi kuuliza jambo moja. Askari ni mtu wa vita; kwake na kwa wenzake, wema kwa wabaya, ndiko yatima wanakotoka. Je, ana nafasi gani katika malezi ya mtoto huyo? Mgeni wa siku moja, au mlezi? Swali hili halikuanzia Beni. Katika pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa limeulizwa kwa zaidi ya miaka mia moja na thelathini, na majibu yake hayakuwa ya aina moja.

Tuanze na bonde lenyewe. Mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe huteremka kutoka milimani na kutandaza udongo wake katika uwanda wa Kyela, ambako leo twaona mpunga, kakao, michikichi na migomba isiyohesabika. Kabla ya wilaya hii kutengwa na Rungwe katika miaka ya 1970, wenyeji wa uwanda na wa milimani walihesabiwa pamoja, na desturi zao kwa kiasi kikubwa ni moja. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa kati ya Wanyakyusa kuanzia mwaka 1934 hadi 1938, waliandika kwa mapana juu ya vijiji vya rika. Mtoto wa kiume alipofika umri wa miaka kumi hivi, aliondoka nyumbani mwa baba yake akaenda kujenga kibanda pamoja na wenzake pembeni mwa kijiji cha wazazi. Mchana walichunga ng'ombe. Chakula walikifuata kwa mama zao, lakini hawakwenda mmoja mmoja: walikwenda kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule.

Maana ya desturi hii kwa mtoto aliyefiwa ni rahisi kuiona. Kijana ambaye mama yake amekufa hakuachwa kukodolea macho jiko la jirani. Alikula pale rika lake lilipokula. Na aliyefiwa na baba alikuwa bado na baba, kwa kuwa ndugu wa marehemu alirithi mji wake, wake zake, ng'ombe wake na watoto wake. Wanyakyusa huliita neno lao ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa furaha na mazungumzo mema, na waliona kwamba mtu asiyejua kukaa hivyo na wenzake hajakamilika utu wake.

Tusiipake desturi hii asali kupita kiasi. Baba mdogo aliyerithi watoto alirithi pia mifugo, na si kila mara alikumbuka kwamba ng'ombe wale walipasa kumwolea mke kijana wa marehemu. Ugomvi wa mirathi kati ya wana na ndugu wa baba zao ulijulikana sana, na wazee hawakuuficha. Tena malezi haya yalitegemea jambo moja tu: kwamba mtoto ajulikane ni wa nani. Mahali penye ukoo yatima alikuwa na mahali pa kulala. Pasipo ukoo, hakuwa na kitu.

Na hapo ndipo biashara ya utumwa ilipopiga. Katika miaka ya 1880 mfanya biashara Mlozi bin Kazbadema alijenga maboma yenye nguvu karibu na Karonga, mwendo mfupi kusini ya Songwe, akajitangaza kuwa sultani wa nchi ya Wangonde. Mnamo Oktoba 1887 watu wake waliwazingira Wangonde katika ziwa dogo la Kambwe, wakayatia moto matete walimojificha. Waliotoka walipigwa risasi, waliorudi majini waliliwa na mamba, na wanawake na watoto waliosalia walitekwa. Walionusurika walitawanyika, wengine wakavuka Songwe kuingia kwa ndugu zao Wanyakyusa. Vita kati ya Mlozi na kampuni ya Waingereza ya Maziwa viliendelea hadi mwaka 1889, na humo alikuja kujitolea ofisa mmoja wa jeshi la Uingereza, Kapteni Frederick Lugard, aliyejeruhiwa Juni 1888 katika shambulio la boma mojawapo. Huyu ndiye aliyekuja baadaye kuwa mtawala mkubwa wa Nijeria. Alijitolea, ndiyo, ila kilichomleta kilikuwa huzuni yake mwenyewe na tamaa ya kupata jina, si watoto wa Kambwe. Twataja jambo hili kwa sababu neno "kujitolea" limebeba mizigo mingi katika historia ya bara letu.

Mlozi alishindwa na kunyongwa Desemba 1895, baada ya Harry Johnston kuja na askari Waafrika na Masingasinga kutoka India. Mamia ya watumwa waliokutwa bomani walifunguliwa. Lakini kufunguliwa mnyororo ni kazi ya saa moja. Kulelewa ni kazi ya miaka. Askari walifunga mizigo yao wakaenda zao. Mtu mzima aliyekumbuka njia ya kwao aliweza kujaribu kurudi. Mtoto aliyetekwa akiwa na miaka mitano au sita, akapitishwa mikononi mwa mabwana watatu, angerudi wapi?

Upande wa Wajerumani jibu lilikuwa ni misheni. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huo huo Wamisionari wa Berlin wakafika nchi hiyo hiyo. Baadaye vituo vilishuka hadi pwani, Ikombe na Ipyana. Serikali ya Kijerumani ilizoea kuwakabidhi wamisionari watumwa waliokombolewa, hasa watoto na wanawake wasio na pa kwenda. Huko walipata chakula, usalama na mara nyingi kusoma. Walipata pia kazi za kutwa, sheria za mgeni, na wengi wao jina jipya.

Tunayo bahati kwamba baadhi ya wanawake waliotekwa wakiwa wadogo katika nchi iliyo kati ya Nyasa na Tanganyika walisimulia maisha yao, na Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Utengule, akayaandika. Mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright aliyakusanya masimulizi hayo katika kitabu kimoja. Mmoja wa wanawake hao huitwa humo Chisi-Ndjurisiye-Sichyajunga. Msomaji na atue kidogo juu ya jina hili. Hapa pana majina matatu yaliyofungwa pamoja kama kuni, na mtu mmoja anayeyabeba yote. Mtoto wa bondeni aliyefiwa na baba alibaki na jina la ukoo wake. Mtoto wa msafara alilipoteza hata hilo, na huo ndio uyatima wa kweli.

Vita vya mwaka 1914 viliikuta nchi katika hali hiyo. Agosti meli ya Waingereza iliishambulia meli ya Wajerumani *Hermann von Wissmann* ilipokuwa imepandishwa nchi kavu huko Liuli, na tarehe 9 Septemba pakapiganwa Karonga. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka, na kabla mwezi kwisha makao ya Wajerumani ya Neu-Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, yalikuwa mikononi mwao. Hadithi za mizinga na meli zimeandikwa sana. Yasiyoandikwa sana ni ya wapagazi, ambao upande wa Nyasa waliitwa tengatenga. Walibeba unga, risasi na majeruhi kutoka uwanda wenye joto hadi nyanda za baridi za Ubena, wakiwa na nguo chache na posho ndogo, na walikufa kwa kuhara, kwa homa ya mapafu na kwa njaa. Kisha mwishoni mwa 1918 ukaja ugonjwa wa mafua uliozunguka dunia nzima. Kila mpagazi asiyerudi aliacha nyuma mtoto, na mara hii ndugu wa baba aliyepaswa kurithi pengine alikuwa amechukuliwa siku ile ile kwa kamba ile ile.

Na watoto waliokuwa chini ya misheni? Jeshi la Waingereza liliwakamata wamisionari wa Kijerumani mwaka 1916 na kuwaondoa nchini. Kwa amri moja ya kijeshi walezi waliowekwa na serikali moja waliondolewa na serikali nyingine. Vituo vilibaki mikononi mwa walimu na wazee wa kanisa Waafrika, ambao kwa miaka kadhaa, bila mshahara wa kuaminika, waliendesha shule na sala hadi Waskoti wa Livingstonia walipokuja kusaidia, na Wajerumani wenyewe waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Kwa maoni yetu hawa ndio wanaostahili kusimuliwa kwanza shuleni, kabla ya majenerali.

Vita vya pili vilileta ajabu nyingine: safari hii mtoto wa vita alitoka Ulaya akaja kwetu. Mwaka 1942 jeshi la Wapolandi la Jenerali Anders lilipotoka Urusi kwenda Uajemi, lilitoka pamoja na maelfu ya raia wake, wengi wao watoto, na wengi wa watoto hao yatima. Askari waliwagawia posho yao. Sehemu ya watu hao waliletwa Tanganyika, wakawekwa Tengeru, Kondoa, Morogoro, Ifunda, na hata Kidugala karibu na Njombe, kituo ambacho kilikuwa cha Wamisionari wa Berlin. Padre Lucjan Królikowski, aliyekuwa zamani askari katika jeshi hilo, aliwaongoza mwaka 1949 yatima wapatao 150 wa Tengeru hadi Kanada. Wakati huo huo vijana wetu wa King's African Rifles walikuwa wametoka kupigana Burma, na hatujasikia kwamba watoto wa waliobaki huko walitengewa kambi wala meli. Waliachiwa ukoo, kama zamani.

Sasa tushuke pamoja na ziwa. Meli zilizokuwa zikitoka Itungi zilipita Matema, ambako Wakisi huleta vyungu vyao sokoni, zikafuata ukingo wa milima ya Livingstone hadi Liuli na Mbamba Bay. Kusini ya hapo ndipo ulipo mpaka wa Msumbiji. FRELIMO ilianzishwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na vita vya ukombozi vikaanza tarehe 25 Septemba 1964. Moto ulipoenea katika jimbo la Niassa, watu walikimbia kwa mitumbwi na kwa miguu. Serikali yetu ilifungua makazi ya wakimbizi huko Lundo karibu na ziwa, Muhukuru upande wa Songea, na kwingineko. Miongoni mwao walikuwamo watoto waliokuja wakiwa wameshikwa mkono na mtu wasiyemjua.

Ni hapa, katika kusini ya nchi yetu, ndipo askari alipogeuka kuwa mlezi kwa maana kamili. Mwaka 1967 wasichana 25 wa Msumbiji walipewa mafunzo ya kijeshi Nachingwea, wakawa chanzo cha Kikosi cha Wanawake. Walibeba silaha na mizigo, walilinda maeneo yaliyokombolewa, waliwaelimisha wanavijiji. Na pamoja na hayo walikabidhiwa watoto waliopoteza wazazi na watoto wa wapiganaji. Huko Tunduru FRELIMO ilijenga kituo cha elimu chenye shule na makao ya watoto. Mmakonde, Myao, Mnyanja na Mmakua walilala chini ya paa moja, wakafunzwa kwa Kireno kwa kuwa hapakuwa na lugha nyingine iliyowaunganisha wote, wakalima chakula chao pamoja na walimu wao.

Mtu wa Kyela angeyatazama maisha hayo angeona kitu anachokijua: watoto wa rika moja, wanaokula pamoja, wanaofanya kazi pamoja, ambao mama wa mmoja ni mama wa wote. Tofauti ni kwamba ikipanga, yaani kijiji cha rika cha Wanyakyusa, kilijengwa mbele ya macho ya wazazi, na kambi ya Tunduru ilijengwa mahali pa wazazi. Kuna tofauti nyingine nzito zaidi. FRELIMO iliwaita watoto wake "waendelezaji", maana yake wale watakaoyaendeleza mapinduzi. Mtoto alilelewa kwa ajili ya jambo kubwa kuliko nafsi yake. Wapo watakaosema kwamba huku ni kumwandikisha jeshi mtoto kabla hajajua kuchagua, nasi hatuwezi kulipuuza neno hilo. Lakini tukumbuke kwamba hata misheni ilimlea mtoto kwa ajili ya kanisa, na ukoo ulimlea kwa ajili ya ukoo. Malezi yasiyo na dai lolote juu ya mtoto hatujayaona katika historia ya pwani hii. Lililo la haki kuuliza ni kama waliomlea walishiriki naye njaa na hatari, ama walimtazama kutoka mbali. Kwa kipimo hicho wanawake wa Tunduru wamefaulu.

Mkuu wao katika kazi hiyo alikuwa Josina Muthemba. Alizaliwa Vilanculos tarehe 10 Agosti 1945. Mwaka 1964 alijaribu kutoroka nchi na wenzake, wakakamatwa kwenye maporomoko ya Victoria, wakarudishwa na kutiwa ndani. Alijaribu tena mwaka uliofuata, akafika Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Msumbiji. Alipewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi, akaikataa, akaenda Nachingwea. Mwaka 1969 alikabidhiwa idara ya ustawi wa jamii ya FRELIMO, ambayo kazi yake ilikuwa hasa ni watoto: vituo vyao, chakula chao, shule zao, katika Tanzania na katika majimbo ya Niassa na Cabo Delgado yaliyokuwa yakipigwa mabomu. Mei mwaka huo aliolewa na Samora Machel, na arusi yao ilifanyika pale pale Tunduru, katika kituo alichosaidia kukijenga. Mwishoni mwa Novemba alijifungua mtoto wa kiume.

Hapa ndipo tunapoupata uzito wa jambo lenyewe. Josina alimwacha mwanawe Dar es Salaam kwa rafiki, akarudi kwenye safari za miguu kuwatembelea watoto wa wengine. Afya yake ilikuwa imeharibika. Wenzake walimsihi apumzike. Katika safari yake ya mwisho, mapema mwaka 1971, alizidiwa, akarudishwa Dar es Salaam, akafa tarehe 7 Aprili akiwa na miaka 25. Siku hiyo ndiyo Siku ya Wanawake ya Msumbiji hadi leo. Miaka miwili baadaye, Machi 1973, wanawake wa Msumbiji walikutana Tunduru kuunda umoja wao wa taifa.

Tumewasikia wanafunzi wakibishana darasani kama alitenda vema kumwacha mtoto wake mchanga. Wavulana kwa kawaida humlaumu upesi, nao hawaulizi kamwe Samora alikuwa wapi. Sisi twaona kwamba alifanya lile ambalo askari wote wanaume waliolisha yatima wa vita hawakuwahi kutakiwa kulifanya. Askari wetu walioko Beni nao wana watoto nyumbani, nao wanaweza kuwaacha kabisa: tarehe 7 Desemba 2017 askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa katika kambi ya Semuliki. Usiku huo nyumba kadhaa za Tanzania zilipata yatima wa vita vya Kongo.

Mtoto wa Josina alikuwa hajatimiza mwaka mmoja na nusu mama yake alipokufa. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, watoto wa Tunduru walikuwa wakienda kwao, na mwaka huo Samora alimwoa Graça Simbine, waziri wake wa elimu. Naye alikuwa amepitia mafunzo ya kijeshi Nachingwea, akafundisha katika shule ya FRELIMO ya Bagamoyo. Ndiye aliyekuwa mama wa mtoto yule, na ndiye aliyebaki naye ndege ya Samora ilipoanguka Mbuzini tarehe 19 Oktoba 1986. Umoja wa Mataifa ulipotaka kujua vita vinawafanya nini watoto wa dunia, ulimkabidhi yeye kazi ya kuchunguza. Alizizuru nchi zilizokuwa vitani, na mwaka 1996 akaliwekea Baraza Kuu taarifa yake mezani. Mwaka uliofuata akateuliwa, kwa mara ya kwanza, mjumbe maalumu wa Katibu Mkuu kwa ajili ya watoto walio katika vita, na aliyechukua kazi hiyo alikuwa Olara Otunnu wa Uganda.